Adui wa muvi za masupahiro: auawe, afungwe ama aachwe? Nisaidieni kabla hawa vijana wanivunjie duka

MuviKondele
Wasee habari zenu. Niko na kaduka ka muvi hapa Kondele, ile biashara ya kuwekea watu kwa flash, moja ni shilingi 20 na ukichukua sita nakupea kwa mia. Sasa jana jioni vijana wawili walikuwa hapo kwa benchi wakingoja flash zao zijae, mmoja amechagua Black Panther ile ya 2018, mwenzake akachungulia skrini akasema aah hiyo si adui anakufanga mwisho, na hapo ndio moto uliwaka. Wa kwanza anasema Killmonger hangefaa kufa juu ndiye alikuwa na maneno ya maana kuliko watu wote kwa hiyo muvi, wa pili anasema adui asipokufa hiyo si muvi, hiyo ni tangazo la muvi ingine. Wakapigiana makelele mpaka mama wa omena ng'ambo ya barabara akauliza nani ameibiwa.

Mimi kwa hii kazi nimejua kitu kimoja, mteja akija anauliza maswali mawili tu, ni ya kupigana? na adui anakufa? Hakuna mtu amewahi niuliza nani ameidairekti. Kwa hivyo mimi niko upande wa kuua, tena auawe na akta mwenyewe, si ati aanguke kwa shimo ama apotee kwa moshi alafu tuambiwe tusubiri miaka mitatu. Lakini nimekaa usiku nikifikiria zile zote nimeuza nikaona hata kufa kwenyewe si kwa aina moja, kuna adui anauawa na akta, kuna anayejimaliza na mitambo yake, kuna anafungwa, kuna anasamehewa, na kuna Loki, yule ndugu na adui wa Thor, ambaye sijui tumweke wapi. Nyinyi mnaonaje, gani ndio inafanya muvi iwe tamu?

Nyar_Kisumo
Mimi niko na huyo kijana wa kwanza lakini si kwa sababu yake. Hiyo muvi naijua vizuri, Februari 2018 wakati premia ililetwa hapa Kisumu kwa heshima ya Lupita mji mzima ulikuwa umevaa vitenge, na tangu hiyo siku nimeiangalia hata siwezi hesabu.

Angalieni ile mwisho tena polepole. T'Challa, yule Black Panther mwenyewe, amemdunga, sawa, lakini anamtoa nje amuonyeshe jua likizama Wakanda alafu anamwambia labda bado tunaweza kukuponya. Na Killmonger anakataa! Anasema mnizike baharini pamoja na mababu zangu walioruka kutoka kwa meli. Yaani jamaa amepewa njia ya jela na njia ya hospitali na akazikataa zote. Sasa hapo useme nani amemuua nani? Kile kifo ndio hotuba yake ya mwisho, ungemfunga pingu apelekwe kwa seli hiyo maneno hangekuwa na pa kuisemea. Kwa hivyo nataka awe hai juu nampenda, lakini muvi ilikuwa sawa kumuacha aende. Nachukia kukubali hivyo.

NakuruFlani_58
Mko na ushamba wa kupenda damu nyinyi wote 😂 Adui mkali HAFAI kufa. Tuongee Joker, The Dark Knight, 2008. Batman anamrusha kutoka juu ya jengo, jamaa anaanguka akicheka, ANACHEKA buda, alafu Batman anamnasa na kamba anabaki akining'inia miguu juu kama mbuzi wa butcher. Na bado ndiye ameshinda hapo, juu alikuwa anataka Batman avunje sheria yake ya kutoua. Ukimuua umempea. Usipomuua ataua wengine kesho. Hiyo ndio utamu, huna pa kutokea. Weka hiyo na ile Batman ya 1989 Joker ni Jack Nicholson, anafungwa mguu na kamba kwa sanamu ya jiwe juu ya kanisa, jiwe linang'oka, anaenda chini paap, imeisha. Umeisahau kabla ufike stage. Section 58 hapa tumeshamaliza hii debate kitambo.

MuviKondele
@NakuruFlani_58 sawa lakini umesahau kitu. Heath Ledger, yule aliyecheza Joker, alikufa Januari 2008 na muvi ikatoka Julai, hata Oskar yake ilichukuliwa na familia mwaka uliofuata. Walimuacha Joker hai na bado hakuna Joker kwa muendelezo wa 2012, hata jina halitajwi. Ukimwacha adui ukingoja muendelezo, Mungu naye ako na ratiba yake.

NakuruFlani_58
Wacha hiyo, hiyo ni msiba si stori. Na inanisaidia mimi si wewe, juu sahii ni miaka mingi na huyo Joker bado ananing'inia pale kwa kichwa ya kila mtu. Hakuna mtu ako na haja na muendelezo.

Jembe_na_Nyundo
Kwani hamna kazi jamani, ni Jumanne saa tano asubuhi

MuviKondele
@Jembe_na_Nyundo hii ndio kazi yangu, na wewe unafanya nini hapa?

KomikiNakuru
Naingia hapa kama mtu wa komiki, mnisamehe nikiwa mrefu.

Hii swali ni ya zamani kuliko muvi zenyewe. Joker alitokea mara ya kwanza 1940 kwa toleo la kwanza la komiki ya Batman, na kwa lile toleo alikuwa afe. Walikuwa wameshachora, amejidunga kisu chake mwenyewe kwa purukushani, kwisha. Mhariri wao Whitney Ellsworth akaona wanatupa mali, akasema ongezeni kapicha kamoka mwisho daktari akisema huyu mtu bado ako hai. Kapicha kamoja! Sasa hesabu ni pesa ngapi imetoka kwa hako kapicha, mpaka hiyo Oskar mnaongelea.

Lakini sababu ya komiki si sababu ya muvi na hapa ndio naona watu wanachanganya. Komiki inatoka kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, adui akichorwa hazeeki, hadai mshahara, huwezi kila mwezi kuzaa adui mpya mwenye akili. Muvi inatoka leo ingine baada ya miaka mitatu ama minne, akta amenenepa, ama amekosana na kampuni, ama ameenda kuwa malaika kwa muvi ya watu wengine. Ndio maana muvi za kitambo ziliua sana. Iron Man 2008 adui amekufa, ya 2010 amekufa, ya 2013 amekufa, na niambieni haraka bila kugoogle majina ya hao watatu. Hamjui. Waliuliwa vizuri na hakuna mtu amewalilia.

Alafu hata komiki ikiua haimaanishi. Norman Osborn yule Green Goblin, adui wa Spider-Man, aliuawa 1973 na kile chombo chake cha kupaa, akakaa kaburini zaidi ya miaka ishirini, 1996 huyo amerudi na suti.

Nyar_Kisumo
"Kapicha kamoka" 😂😂 nimejua wewe si wa huku

KomikiNakuru
Ni simu! Ni kamoja! Mimi ni wa Free Area niheshimu

MamaMapacha
Mimi naongea kama mzazi, mtanisamehe kwa kuwa sijui hizo miaka zote. Niko na mapacha wa miaka minane na Jumamosi huwa ni siku yao ya muvi, tunakalia godoro sebuleni wote watatu.

Siku moja nikawawekea Man of Steel nikijua Superman ni salama, ni mtu wa kuokoa paka juu ya mti. Ikafika pale mwisho adui, Zod, anataka kuchoma ile familia na macho, na Superman amemshika shingo anamwomba aache, aache, hataki, akamvunja shingo. Kah. Wangu mmoja akanigeukia akaniuliza mum, si huyu ni mzuri? Sikuwa na jibu. Ukifikiria kama mtu mzima unaona hakuwa na lingine la kufanya na hata yeye mwenyewe analia pale chini kama mtoto, lakini mtoto wa miaka minane haoni hiyo, anaona shingo. Wiki mzima walikuwa wanavunjana shingo kwa kitanda.

Sasa linganisha na ile ya Spider-Man ya 2017, Homecoming, adui ni yule mzee wa mabawa, tena ni baba wa msichana ambaye kijana anampenda. Mabawa yanalipuka, mzee ako ndani ya moto, kijana ambaye karibu auawe na huyo mzee dakika mbili zimepita anaingia kwa moto anamtoa. Anamfunga na utando anamwachia polisi. Na mwisho, majina yakiwa yameanza kupita, huyo mzee jela anaulizwa unamjua Spider-Man ni nani, na anamjua vizuri kabisa, na anadanganya kwamba hamjui. Mimi hapo ndio nililia mimi mtu mzima. Ukiua hiyo huipati. Angekufa kwa ule moto ingekuwa tu muvi ingine ya watoto.

Afande_Mstaafu
Nimefanya kazi ya magereza kwa miaka mingi, Nakuru na kwingine, sasa nimestaafu nafuga kuku. Nimesoma hapa nikacheka peke yangu.

Vijana mnabishana auawe ama afungwe, lakini shida si kufunga, shida ni JELA ZA MUVI NI AIBU. Lex Luthor, adui wa Superman, anapelekwa ndani na Superman mwenyewe 1978, kufika 1980 ametoroka kwa puto. Puto! Linaonekana kutoka kijiji cha tatu, na mlinzi wa mnara alikuwa wapi? Magneto wa X-Men, yule anayevuta chuma bila kugusa, naye wamemjengea seli ya plastiki tupu hakuna hata msumari, hapo nikasema haya hawa wamefikiria, kumbe askari mmoja ameenda baa akanunuliwa pombe na mwanamke hamjui, akadungwa chuma kwa damu akirudi kazini asubuhi anatembea na silaha ndani ya mwili. Hiyo ni 2003. Sisi tulikuwa tunaambiwa siku ya kwanza depo, ukiwa nje usikunywe na mtu humjui, na hatukuwa na Magneto.

Sasa mtu akiona hivyo kila mara ndio anasema aah bora auawe. Si kwa kuwa anapenda damu, ni kwa kuwa hana imani na kufuli. Na hii si muvi pekee. Hapa Kenya mtu wa mwisho kunyongwa ilikuwa 1987, lakini majaji waliendelea kuhukumu watu kifo miaka yote hiyo, wanakaa tu. 2009 Rais Kibaki akabadilisha ya zaidi ya watu 4,000 ikawa kifungo cha maisha. Desemba 2017 Korti ya Juu ikasema ile sheria ya kumlazimisha jaji atoe kifo kwa kesi ya mauaji inaenda kinyume na Katiba. Nimelinda hao watu. Wengine ukikaa nao miaka kumi unajua huyu hata ukimuachia kesho ataenda kwake alime, na mwingine hapana, huyo unamuona macho tu. Kwa hivyo mimi siwezi kusema auawe wote wala waachwe wote, nasema nipeni jela yenye askari wamelala usingizi wa kutosha alafu tuone.

Lingine la haraka. Zamani video za kijijini, jenereta nje, watu hamsini kwa chumba cha watu ishirini, tuliwekewa Sholay, ile ya Kihindi ya 1975. Gabbar amemkata yule mzee mikono yote, mzee anakuja kulipiza na viatu vya misumari, tumesimama wote, polisi wakaingia wakasema usimuue mwachie sheria. Wueh. Watu walirusha viatu. Mwenye video alirudishia watu wengine pesa. Baadaye ndio nikaja kujua kumbe walikuwa wamepiga picha ya Gabbar akiuawa na bodi ya kukagua filamu huko India ikakataa wakabadilisha. Yaani hiyo hasira yetu yote ilikuwa ya bodi.

MuviKondele
Afande hiyo ya kurudisha pesa umenitia hofu, tuache hivyo

TichaBungoma
Salaam. Nafundisha hadithi na fasihi simulizi huku Bungoma na nashangaa mmeenda Marekani mkarudi mkaruka nyumbani.

Sisi wote tulilala kwa nyanya. Kwa hadithi za kukhu wangu kulikuwa na maadui wawili tu wa kudumu, linani na fisi. Wajaluo nao wako na Apul Apul wao, ni yule yule zimwi. Linani anakuja, anameza watu, ng'ombe, kijiji kizima, na mwisho wake ni mmoja tu, anauawa. Hakuna siku kukhu alituambia linani alifungwa jela ama alisamehewa. Tena hauawi hivi hivi, anasema mkinikata kateni kidole, kidole kinakatwa, watu wote waliomezwa wanatoka wazima na ng'ombe wao. Kumbe kifo chake si adhabu, ni mlango. Asipokufa watu hawatoki.

Fisi naye ni kinyume. Fisi anapigwa, anachomwa, anafungiwa kwa mzinga wa nyuki, anaachwa amekwama kwa matope mpaka shingoni, na kesho usiku hadithi ikianza, huyo fisi amekuja tena, mlafi vile vile, hajajifunza kitu. Hakuna mtoto aliwahi kuuliza si alikwama kwa matope jana. Tulikuwa tunamngoja! Fisi tunamjua tabia, linani tunamjua tumbo tu.

Sasa rudini kwa muvi zenu. Joker ni fisi. Loki ni fisi mtupu, 2011 ameanguka angani, 2013 amekufa mikononi mwa kaka yake kwa uongo, 2018 amenyongwa na Thanos kweli kweli, na 2021 ako kwa mfululizo wake mwenyewe, na hakuna mtu amelalamika sana kwa sababu tunajua huyo ndiye fisi wetu. Ukimuua fisi umeharibu. Thanos ni linani, amemeza nusu ya viumbe, na yeye lazima afe watu watoke.

NakuruFlani_58
Ticha umetisha. Lakini subiri, Endgame 2019 Thor anamkata Thanos kichwa mapema kabisa, hata popcorn haijaisha, na HAKUNA mtu anatoka. Juu yale mawe ya nguvu aliyotumia kuwamaliza ameshayaharibu. Miaka mitano mbele watu bado wanalia. So hiyo stori ya kidole imekataa hapo.

TichaBungoma
Haijakataa, umeithibitisha. Walikata kichwa, hawakukata kidole 😀 Ndiyo maana ile kuua ya kwanza haina ladha kabisa, mtu ameuawa shambani akipika supu yake na hakuna kilichorudi, Thor mwenyewe anatoka nje kama mtu ametoka matanga. Ilibidi watu warudi kwanza, ndio kile kifo cha pili kikawa na maana.

Afande_Mstaafu
Na Iron Man aliyemmaliza mara ya pili alikufa naye. Hiyo watu wanasahau wakisema auawe auawe.

Nyar_Kisumo
Ticha nimependa lakini Killmonger hatoshei kwa gunia yoyote kati ya hizo mbili. Si linani, hana tumbo. Si fisi, hana mchezo. Nimefikiria nikipika hapa mpaka sukuma ikaungua.

Killmonger ni mtoto wa nyumbani. Babake aliuawa na kakake mwenyewe, mfalme, huko Oakland 1992, na mtoto akaachwa pale nje akicheza basketi na wakaenda zao wakanyamaza. Hiyo stori haitoki Marekani, hiyo tunaijua hapa. Kila boma iko na huyo mtoto. Baba alizaa huko nje, ama alikufa mjini na familia ikasema hatumjui, alafu miaka ishirini imepita siku ya matanga kijana mrefu anasimama nyuma ya hema, amefanana na marehemu kuliko wote, na anauliza shamba langu ni gani. Wazee wanaangalia chini. Na huyo kijana akikosa kusikizwa akarudi na panga, sasa niambieni, mnamuua? mnamfunga? mnamponya? Ni mtoto wenu.

Ndio maana hakuna mwisho wa ile muvi ungetosheleza hao vijana wa Kondele. T'Challa mwenyewe alijua, juu 2016 kwa Civil War ako na Zemo mbele yake, mtu aliyemlipulia babake, na anamzuia hata asijipige risasi, anasema kisasi kimewala hawa wote mimi hapana. Kwa hivyo huyo ni mtu hataki kuua. Na akifika kwa binamu yake mwenyewe ndio anamuua. Alafu anarudi Oakland kununua yale majumba afungue kituo, yaani anafanya nusu ya kile marehemu alikuwa anadai. Kama shamba limegawanywa baada ya mazishi.

MuviKondele
Daah

MamaMapacha
Nyar umenifanya nipigie ndugu yangu simu. Sitaeleza kwa nini.

KomikiNakuru
Kabla tulie wote nirudishe kwa Green Goblin kidogo, juu kuna mtu mmoja aliuawa 2002 alafu muvi ikamrudisha baada ya miaka 19 kuuliza hii swali yetu kabisa. No Way Home, 2021. Goblin, Doc Ock, Sandman, Lizard, Electro, wote wamevutwa kutoka kwa muvi zao za kale, na wakirudishwa kwao wengine wanaenda kufa. Peter mdogo, Spider-Man wa sasa, anakataa, anasema niwaponye kwanza. Na inamgharimu, shangazi yake May anakufa sababu ya hiyo huruma. Ndio sasa mwisho anachukua kile chombo cha kupaa cha Goblin, KILE KILE kilichomuua 2002, anataka kumdunga nacho, na yule Peter mzee, Spider-Man wa 2002, Tobey Maguire, anasimama katikati bila kusema neno. Hasemi kitu! Yeye alishaona hicho chombo kikifanya hiyo kazi na akabeba hiyo siri mpaka rafiki yake Harry, mtoto wa Goblin, akaja kulipiza kisasi cha baba. Alafu anadungwa kisu mgongoni na huyo huyo amemuokoa lol. Lakini Goblin anaponywa.

Hiyo nadhani ndio moja ya kuponya iliyofaulu, na ilifaulu juu kuna muvi ingine nyuma ambayo iliua. Bila kifo cha 2002, ile ya 2021 haina uzito.

MamaMapacha
Doc Ock yule wa kwanza, wa 2004, si aliamka akili mwenyewe akazamisha ile mashine na akazama nayo? Hiyo pia niliipenda. Hakuuawa hakufungwa. Alichagua tu kulipa.

KomikiNakuru
Ndio huyo. Na kwa ile ya 2021 ndiye wa kwanza kuponywa na kuanza kusaidia. Uko na macho mum wa mapacha.

TichaBungoma
Nimerudi. Jana jioni nilimpigia kukhu, ana zaidi ya miaka themanini lakini hadithi zote ziko. Nikamuuliza swali ambalo hatukuwahi kuuliza tukiwa wadogo, kukhu, yule fisi mbona hakuwa anakufa? Akanyamaza kidogo, nikadhani laini imekatika. Akasema, "Nani amekuambia hakuwa anakufa? Alikuwa anakufa kila siku. Huyo wa kesho ni mtoto wake."

NakuruFlani_58
😳

KomikiNakuru
Harry Osborn. Talia binti wa Ra's al Ghul, adui wa Batman. Whiplash wa Iron Man ya 2010 pia, babake alifukuzwa. Kukhu amemaliza komiki zote bila kusoma hata moja.

Afande_Mstaafu
Nimeona baba ndani na baada ya miaka nikaona mtoto ndani, seli tofauti, jina moja kwa rejista. Mwambie kukhu nimemsalimia.

Jembe_na_Nyundo
Sawa mimi nilikuja kucheka lakini nauliza, hiyo ya baba wa mabawa iko na Kiswahili ama ni Kizungu tupu?

MuviKondele
@Jembe_na_Nyundo ziko zote mbili, ya dijei wa kutafsiri ni 30 juu amepiga kelele sana. Kuja.

Haya nimefunga duka sahii niwape ripoti. Wale vijana wamerudi leo, mpenda damu akasema anataka za adui anakufa pekee asipoteze data ya mwili, ati nimpangie. Kwa hivyo nimekaa mchana mzima nimetengeneza folda mbili kwa kompyuta, moja nimeandika ADUI ANAKUFA ingine ADUI ANABAKI, na wateja wamependa sana, wanaingia wanaonyesha tu na kidole. Nimeuza kuliko Jumamosi. Ile ya 2021 niliweka kwa anabaki baada ya kufikiria nusu saa, Man of Steel kwa anakufa na nikaandika kando SI YA WATOTO, mum wa mapacha hiyo ni yako. Endgame kwa anakufa mara mbili. Loki nimemweka kwa folda zote na ukichukua zote nalipisha mara mbili.

Nyar_Kisumo
Na Killmonger?

MuviKondele
Bado iko nje kwa desktop, peke yake. Kila mtu akiingia anaiona ya kwanza.